Chenso bila gasketi ya chini: nitapimaje nafasi kati ya pistoni na hedi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa chenso, hii misumeno ya mnyororo, huku Mafinga. Nimebadilisha silinda na pistoni kwenye Stihl MS 381 ya mteja anayepasua mbao. Seti niliyoweka si ya kampuni, ni hizi za bei nafuu. Fundi mwenzangu akanishauri nisirudishe gasketi ya chini ya silinda, ile karatasi ya kuziba kati ya silinda na kesi ya krenki, eti mashine itaongeza nguvu. Nimefunga bila gasketi, nikazungusha kwa mkono, haigusi popote, lakini moyo haujatulia. Hedi ya mashine hii, yaani kifuniko cha juu cha silinda, haifunguki, imeungana na silinda. Sasa nitapimaje nafasi iliyobaki juu ya pistoni? Na inatakiwa iwe kiasi gani? Kwenye video moja nilisikia wakisema “20”, sikuelewa 20 ya nini. Halafu nikipima kompresheni, yaani shinikizo la ndani ya silinda, huwa napata pungufu ya namba wanazotaja mafundi wa Dar. Hilo nalo linanichanganya.

Jibu: Marahaba, fundi. Kama hujaiwasha, iache hivyohivyo mpaka uwe na namba mkononi. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na kifaa kikubwa utakachohitaji ni kipande cha waya wa risasi wa kuchomea, cha shilingi chache.

Nianze na hilo la kuzungusha kwa mkono. Injini ikizunguka bila kugusa, ulichojua ni kimoja tu: nafasi si sifuri. Inaweza kuwa milimita 1, inaweza kuwa 0.1, na mkononi zote zinazunguka vilevile, laini, bila kelele. Tofauti inajitokeza kwenye mwendo. MS 381 ina silinda ya milimita 52 na mpigo wa milimita 34, yaani cc 72 na kidogo. Ukiifungua gesi yote kabla mnyororo haujaingia kwenye gogo, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inapita mizunguko 12,000 kwa dakika. Kila mzunguko pistoni inapanda, inasimama kileleni, inageuka. Pale kileleni yenyewe inataka kuendelea kupanda, na konrodi, ule mkono unaoiunganisha na krenki, ndiyo inayoizuia na kuivuta chini. Ukipiga hesabu ya mpigo huo na mwendo huo, nguvu ya kuirudisha inazidi mara 3,000 ya uzito wa pistoni. Pistoni, pini na ringi zake tuseme ni gramu 60 kwa pamoja: hapo konrodi inavutwa kama imening'inizwa mzigo wa karibu kilo 200.

Chini ya mvuto huo konrodi inanyooka kidogo. Beringi ya juu na ya chini zinamaliza nafasi yao yote kuelekea juu. Pistoni nayo inayumba kwenye pini, makali ya upande mmoja yanatangulia. Juu ya hayo weka joto: uso wa pistoni unapata moto haraka kuliko silinda yenye mapezi na feni inayoipuliza, kwa hiyo dakika za mwanzo, mashine ikiwa bado baridi na mpasuaji ana haraka na gesi yote, pistoni imeshatanuka na silinda bado. Kila kimoja kati ya hivyo kinakula sehemu ndogo ya milimita. Vikijumlishwa, nafasi ya 0.2 uliyoipata mezani inaweza kuisha kabisa porini.

Lakini pia usiikimbie nafasi ndogo kana kwamba ni ugonjwa. Ina kazi yake. Ukiangalia ndani ya silinda kupitia tundu la plagi utaona katikati kuna bakuli, na pembeni kuzunguka bakuli kuna ukingo unaofuata umbo la uso wa pistoni. Mimi nauita mkanda wa kubana. Pistoni ikikaribia kilele, mchanganyiko wa petroli na hewa uliopo chini ya mkanda huo unabanwa na kurushwa kwa kasi kuelekea katikati, kwenye plagi. Unavurugika, unawaka haraka na unawaka wote. Na ule mwembamba unaobaki pembeni umebanwa kati ya chuma na chuma, unapoa, kwa hiyo haulipuki wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Nafasi ikiwa kubwa, milimita 1.2 au 1.5, mchanganyiko wa pembeni unakaa tu pale. Sehemu inatoka kwenye eksozi bila kuungua vizuri, na ule uliobaki unaweza kulipuka wenyewe mashine ikichemka. Ndiyo maana mwenzako hakusema uongo. Kwenye seti nyingi za bei nafuu nafasi ni kubwa kuliko inavyofaa, na kuipunguza kunaleta nguvu. Kosa ni kuipunguza bila kujua ilikuwa ngapi.

Sasa kupima. Hedi isiyofunguka haikuzuii, tunapitia tundu la plagi.

Nenda kwa fundi redio umwombe au ununue waya wa risasi wa kuchomea, ule laini wenye unene wa milimita 1.5 hivi. Ukipata wa 1.2 sawa, wa 1.6 sawa. Usichukue ule mnene wa milimita 3, kwa sababu utalazimika kuzungusha kwa nguvu, pistoni itainama na kipimo kitadanganya. Epuka pia zile waya mpya zisizo na risasi ndani yake, ni ngumu na zinarudi kidogo baada ya kubanwa. Wenye uwazi wa dawa katikati hauna shida, unabanika vizuri zaidi. Upande wa kipimo, vernia nzuri inatosha, maikromita ni bora.

Kabla ya waya, mambo mawili. La kwanza, silinda iwe imefungwa kama itakavyofanya kazi: bolti zote 4 zimekazwa kwa mkazo wa mwisho, kwa kupishana, na kama kuna gasketi iwe ni ileile itakayobaki. Bolti zikiwa legelege utapata namba kubwa ya kukufurahisha bure. La pili, ukipima mashine yenye silinda ya zamani, safisha masizi juu ya pistoni na kwenye bakuli la silinda, la sivyo utakuwa unapima masizi. Wewe umeweka vitu vipya, hilo halikuhusu leo, ila litakuhusu kwa mteja mwingine.

Toa plagi. Toa kava la kamba ili uifikie flaiwili, lile gurudumu la mwisho wa krenki, maana utaizungusha kwa mkono, taratibu. Usivute kamba. Weka petroli mbali na meza.

Kata kipande cha waya cha urefu wa kidole na zaidi, kikunje ncha kama herufi L, sehemu iliyokunjwa iwe ya kufika kutoka tundu la plagi mpaka ukutani mwa silinda. Shusha pistoni kidogo, ingiza waya, na uelekeze ncha upande wa klachi au upande wa flaiwili. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Pini ya pistoni imelala sambamba na krenki, kutoka upande wa klachi kwenda upande wa flaiwili. Ukiweka waya juu ya mwisho wa pini, pistoni haina pa kuinamia, inabana wima. Ukiuweka upande wa eksozi au wa kabureta, waya unaisukuma pistoni iyumbe kwenye pini, makali ya upande huo yanazama kidogo, na unasoma nafasi kubwa kuliko ilivyo.

Sukuma waya mpaka uhisi ncha imegusa ukuta. Ushike hapo. Kwa mkono mwingine zungusha flaiwili upande inakozunguka siku zote mpaka pistoni ipite kilele. Utahisi ukinzani mdogo, kisha inaachia. Shusha pistoni, toa waya, na uutazame kabla ya kuupima. Ncha inatakiwa iwe bapa, na mwisho kabisa iwe na alama ya mviringo wa ukuta. Kama ncha imebaki nene na mbavu ndiyo iliyobanwa, waya haukufika ukutani, rudia. Kama haukubanwa kabisa, ama nafasi inazidi unene wa waya, ama umeishia ndani ya bakuli. Hakikisha pia waya umetoka mzima. Kipande cha risasi kikikatika na kuingia kwenye mlango wa kupitishia mchanganyiko, silinda itabidi itoke tena.

Pima pale mwisho kabisa, milimita 1 au 2 za mwanzo kutoka kwenye ncha. Angalia pia umbo la ubapa. Ukiwa sawa unene wote, mkanda wa silinda na uso wa pistoni vinalingana. Ukiwa kama kabari, mwembamba ukutani na unanenepa kuelekea ndani, basi pembe za mkanda na za pistoni hazifanani, jambo la kawaida kwenye seti hizi za bei nafuu. Namba ya kuishika ni ile nyembamba kuliko zote, popote ilipo.

Rudia upande wa pili wa pini. Wenye subira wanaweka vipande viwili kwa mpigo, kimoja klachi kimoja flaiwili, na hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi kwa sababu pistoni inabanwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Namba zikitofautiana kwa 0.05 hivi, sawa. Zikitofautiana kwa 0.15 au zaidi, simama ujiulize: silinda imekaa sawa kwenye kesi? Kuna uchafu au kipande cha gasketi ya zamani kimeganda chini? Au uso wa chini wa silinda haukuchongwa sawa kiwandani? Mwisho, pima pia upande wa eksozi na wa kabureta. Usiziamini kama kipimo cha kuamulia, lakini zikitoka ndogo kuliko za kwenye pini, jua kuna makali ya pistoni au ya silinda yaliyokaribiana mno upande huo.

Kuna jambo moja ambalo waya hausemi. Unapobana waya, unasukuma pistoni chini. Kwa hiyo nafasi zote za beringi, ya juu na ya chini, zimeelekea chini, na waya unakupa nafasi kubwa kuliko itakayokuwepo mashine ikikimbia, ambapo kila kitu kinavutwa juu. Kwenye krenki nzima tofauti hiyo ni sehemu chache za mia za milimita, haina shida. Kwenye krenki iliyochoka ni hadithi nyingine. Kabla ya kuamua lolote, shika konrodi na uijaribu juu na chini. Kuyumba kwa pembeni ni kwa kawaida, ila kwenda juu na chini hakutakiwi kuhisika kabisa. Ukihisi hata kidogo, hesabu ya nafasi haina maana, krenki hiyo ina siku zake.

Sasa namba. Hiyo “20” ya kwenye video ni sehemu 20 kati ya 1,000 za inchi moja. Wamarekani wanapima hivyo. Inchi moja ni milimita 25.4, basi sehemu moja ya elfu ya inchi ni milimita 0.0254, na 20 ni kama milimita 0.5. Wanaoongezea chenso nguvu hulenga hapo, 0.5 mpaka 0.6. Nyingi zinazotoka kiwandani zina zaidi ya hapo, 0.7, 0.8, wakati mwingine hata 1.0, kwa sababu kiwanda kinatengeneza maelfu na lazima kiache nafasi ya tofauti kati ya kipuri na kipuri.

Kwa mashine ya mteja wako mimi nisingefika 0.5. Mpasua mbao anashikilia gesi yote mkato mzima, urefu wa gogo, anapumzika kidogo, anarudi. Mashine haipoi. Mnyororo ukitoka kwenye gogo mwendo unaruka juu ghafla. Ya namna hiyo ningeiacha 0.6 mpaka 0.75 nikalala usingizi. Faida ya kutoka 0.65 kwenda 0.5 haifikii faida ya mnyororo ulionolewa vizuri, na mteja hataijua.

Kwa hiyo ukipata kati ya 0.55 na 0.75 bila gasketi, bahati imekuangukia, funga hivyohivyo. Ukipata 0.8 au 0.9, pia funga, hiyo ni kama ya kiwandani. Ikizidi 1.0 hata bila gasketi, seti yako ina kasoro ya vipimo, ama pistoni ni fupi ama silinda ni ndefu. Dawa yake ni kupeleka silinda kwa fundi wa lathi akwangue uso wa chini, kazi ambayo kwa mashine ya kazi huwa siishauri isipokuwa nafasi imepita 1.2. Ikiwa kati ya 0.4 na 0.55, unacheza mpakani. Weka gasketi nyembamba. Chini ya 0.4, usiiwashe, hata ya kujaribu.

Gasketi nyembamba unaweza kuikata mwenyewe. Ya kawaida ya chini ya silinda mara nyingi ni kama nusu milimita, ila pima yako kwa vernia. Pima iliyokwisha kubanwa, ile mpya huwa nene kidogo kuliko itakavyokuwa ikishakazwa. Tuseme umepata 0.35 bila gasketi: ukirudisha ya 0.5 unafika 0.85, na mashine imerudi ilikotoka. Ukitaka 0.6, unahitaji robo milimita. Karatasi maalumu ya gasketi inauzwa kwa unene mbalimbali kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki. Wengine wanakata kwenye kopo la soda la alumini laini, ambalo upande wake ni kama 0.1 ya milimita, wanapaka silikoni nyembamba pande zote mbili. Inafanya kazi, nimeiona ikidumu, mradi ukate kwa mkasi mkali na kingo zisiwe na mikunjo. Karatasi ya mfuko wa saruji iache ifanye kazi yake ya saruji. Petroli na joto vinaimaliza.

Na kabla hujailaumu au kuisifu seti mpya, chukua pistoni ya zamani na mpya uziweke mezani. Pima kutoka ukingo wa juu wa tundu la pini mpaka ukingo wa uso wa pistoni. Hicho ndicho kipimo kinachobadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na ndicho kinachofanya ushauri wa “toa gasketi” umfae fundi mmoja na kumvunjia mwingine pistoni. Mwenzako aliitoa kwenye seti yake ikakubali. Seti yako si ile.

Gasketi ikitoka, mengine yanahama pia. Silinda nzima imeshuka nusu milimita, pamoja na milango yake yote. Mlango wa eksozi na ile ya kupitishia mchanganyiko inachelewa kufunguka na inawahi kufungwa, kila upande karibu digrii 2 za krenki kwa mpigo huu. Mlango wa kabureta, ambao kwenye mashine hii unafunguliwa na sketi ya pistoni, yaani sehemu yake ya chini, unafanya kinyume: unawahi kufunguka na kuchelewa kufungwa. Matokeo yake mashine inapata nguvu zaidi mwendo wa chini na wa kati, na inapoteza kidogo kule juu kabisa. Kwa mpasuaji hiyo si hasara. Ila kuna kimoja cha kukagua. Toa eksozi, peleka pistoni kileleni, chungulia kwenye mlango wa eksozi chini ya sketi. Ukiona mwanya unaofungua kuelekea ndani ya kesi ya krenki, mchanganyiko utakuwa unatorokea huko kila mzunguko. Seti iliyochongwa vibaya inaweza kuwa mpakani tayari, na nusu milimita ikaivusha.

Uwiano wa kubana nao unapanda. Eneo la silinda ya milimita 52 ni sentimita za mraba 21 na kidogo, kwa hiyo nusu milimita ni cc 1 nzima. Cc 1 inaonekana ndogo. Lakini tuseme chumba cha juu kilikuwa cc 8, uwiano 10 kwa 1. Ukiondoa cc 1 uwiano unavuka 11. Kamba itakuwa nzito kuvuta, na kama mashine yako ina kitufe cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, mwambie mteja akitumie.

Jambo ambalo linaua chenso nyingi zilizotolewa gasketi, kuliko pistoni kugonga hedi, ni hewa. Bila gasketi, chuma kinakaa juu ya chuma, na mkwaruzo mdogo unaingiza hewa kwenye kesi. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi, pistoni inachemka, inakwama. Paka silikoni ya kuvumilia joto na petroli, nyembamba kabisa, kaza, acha ikauke muda ulioandikwa kwenye tyubu. Kisha ziba mlango wa eksozi na wa kabureta kwa kipande cha mpira, plagi ikiwa imefungwa, na uingize upepo wa karibu nusu baa kupitia mrija wa mpigo unaokwenda kwenye kabureta. Paka povu la sabuni chini ya silinda na kwenye sili za krenki. Ukikosa pampu yenye geji, ile mashine ya kupimia presha ya damu yenye mpira wa kubonyeza inafaa. Milimita 250 kwenye geji yake ni kama theluthi ya baa, inatosha kuonyesha uvujaji. Sindano ikishuka, kuna tundu. Usijidanganye kwamba litaziba lenyewe.

Sasa kompresheni yako na ya Dar. Hapo huna tatizo lolote, fundi, ni mlima. Mafinga iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Geji yako inaanza na hewa nyembamba, inamaliza na namba ndogo. Mashine inayosoma psi 150 Dar es Salaam, ukiipandisha huko bila kuigusa inaweza kusoma 120 hivi, na haina ugonjwa. Linganisha mashine za Mafinga na mashine za Mafinga. Kwa sababu hiyohiyo usitumie geji kukisia nafasi ya juu ya pistoni. Nimeona fundi akijumlisha vipande vya gasketi “mpaka kompresheni ikae sawa”, huku ringi ndizo zilizokuwa zimekwisha. Geji inaonyesha ringi, milango, hewa ya mahali, hata idadi ya mara ulizovuta kamba. Nafasi inaonyeshwa na waya.

Na ndiyo, huko juu hewa nyembamba inakupa uhuru kidogo wa kupandisha uwiano, maana mchanganyiko unaoingia ni mchache na hatari ya kulipuka wenyewe inapungua. Ila uhuru huo ni wa uwiano, si wa nafasi. Konrodi inanyooka sawa Mafinga na Mtwara. Mteja akihama na chenso yake kwenda kukata mikorosho pwani, kabureta itatakiwa kurekebishwa upya, na kama umebana sana, atasikia mashine ikigonga.

Njia hii ya waya inafaa injini nyingine ndogo pia, pampu ya maji, jenereta, pikipiki. Tofauti ni kwamba pikipiki nyingi za sasa, hizi za bodaboda za mipigo minne, zina valvu juu ya pistoni, na hapo hedi ikikwanguliwa unahofia valvu kabla ya hedi. Kwa hizo hedi inafunguka, kwa hiyo weka udongo wa kuchezea watoto, ule laini wa rangi, juu ya uso wa pistoni pale valvu zinapotua, paka mafuta kidogo usigande, funga hedi na mnyororo wa taimingi, zungusha mara mbili kwa mkono, fungua, kata udongo kwa wembe upime unene. Mashine za dizeli za kusagia ni habari nyingine. Waya wa risasi unatumika vilevile lakini nafasi inayotakiwa ni ya kitabu cha mashine hiyohiyo, usilete namba za chenso.

Ukishapata namba yako na upepo haushuki, iwashe. Iache ichemke taratibu dakika chache kabla ya kufungua gesi yote, hata kama mteja amesimama mlangoni na shoka begani. Kwenye mwendo wa juu sikiliza. Pistoni inayogusa inatoa mlio mkavu, tik tik ya haraka, inayopotea ukishusha mwendo na kurudi ukipandisha. Ukiusikia zima.

Mwambie mteja akuletee baada ya wiki ya kazi. Toa plagi na eksozi, ingiza tochi. Uso wa pistoni utakuwa umeshapata masizi ya kahawia. Ukikuta sehemu ya ukingo inang'aa chuma kitupu, laini, kama imepigwa msasa, hapo panaguswa, ongeza gasketi. Ukikuta ukingo una vitobo vidogovidogo kama umenyunyiziwa mchanga, hiyo si kugusa, ni mchanganyiko kulipuka wenyewe: angalia kabureta kama haijakauka, na petroli aliyonunua kwenye dumu la nani. Masizi yakiwa sawasawa mzunguko mzima, andika namba uliyoipata kwa kalamu ya rangi ndani ya kava la kamba, pamoja na tarehe. Fundi atakayeifungua baada yako, huenda ni wewe mwenyewe, ataanzia hapo.